Ukuta wa Bia wa Kvamli

Mchungaji wetu, ndugu na jamaa, majirani wa pande zote mbili za ziwa, na ninyi madaktari wa mifugo mliokuja na mabuti ya kazi kwa kuwa mmetoka moja kwa moja mabandani, naye asingetaka mje vinginevyo, haya ndiyo maisha ya Torbjørg Kvamli, kama familia ilivyokubaliana yasomwe na mwanawe Tarjei, ndani ya chumba hiki, kabla hajatolewa nje.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1938, katika vyumba viwili vya kupanga juu ya duka la mikate, karibu na kituo cha reli cha Nordbø, akiwa mtoto pekee wa marehemu Aslak na marehemu Margit. Familia inavitaja vyumba hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hakuvificha, kila alipoulizwa alikozaliwa alijibu, "Juu ya tanuri la mtu," kisha akanyoosha mkono kuelekea juu ya bonde, ambako ukoo wake ulikuwa na shamba la Kvamli hadi tarehe 17 Aprili 1934, siku lilipopigwa mnada, nyumba, ng'ombe na hata ndoo za maziwa.

Nyumba hiyo ilijengwa na Eivind, babu yake Aslak, katika vuli ya mwaka 1871, kwa haraka ya kuiwahi theluji, na bia ikiwa nyingi kuliko mafundi. Kila mtu wa bonde hili anajua kwamba magogo hulazwa kwa kupishana, shina la hili juu ya ncha ya lile, ili ukuta upande sawasawa, lakini Eivind na shemeji zake walilaza matatu mfululizo mashina yakiwa upande mmoja, kona ikanyanyuka, kizingiti cha juu cha mlango kikawa na mteremko, na walipozindukana, paa lilikuwa limeshapanda. Eivind alichonga kabari ndefu akaipachika juu ya mlango kuziba pengo, na majirani, ambao hawakuwa na haya, wakauita Ukuta wa Bia. Bibi Gunhild, mama yake Aslak, aliyeingia nyumba hiyo akiwa bi harusi na kutolewa na mnada akiwa mjane, ndiye aliyemlea marehemu kwa habari za ukuta huo, na alipenda kusema kwamba maiti wa Kvamli huinama kwa adabu wakiondoka, maana jeneza likifika mlangoni ilibidi lishushwe kidogo upande wa kushoto ndipo lipite, akisha kusema hivyo alicheka mpaka akashika mbavu.

Marehemu alianza shule ya msingi Nordbø mwezi Agosti 1945, akawa wa mbele katika hesabu na wa mbele katika ngumi, kwa sababu watoto wenzake walimwimbia uwanjani, "Torbjørg wa ukuta wa bia, nyumba yenu imelewa imeenda wapi?" Aliwajibu kwa ngumi, kwa kuwa baba yake alipopanda Kvamli katika kiangazi cha mwaka 1936 alikuta mawe ya msingi na majivu tu, akajua nyumba imechomwa, akashuka bila kumuuliza mtu yeyote. Aslak alikuwa mtu wa kwetu hasa, mtu wa kwetu haulizi habari za nyumba yake iliyopigwa mnada, na jirani wa kwetu naye hamtajii mwenzake jambo kama hilo usoni, kila mmoja akijiona mstaarabu.

Alimaliza sekondari Skien mwaka 1957, akaenda Oslo kusomea udaktari wa mifugo, na alikuwa mwaka wa tano alipoitwa nyumbani, baba yake alipofariki tarehe 4 Novemba 1961. Aslak alimwambia bintiye siku chache kabla, "Nimeishi kwa watu, na sasa naondokea kwa watu," na ndivyo ilivyokuwa. Desturi yetu ni kwamba aliyefariki hutandikiwa matawi mabichi mlangoni, akatolewa nyumbani kwake huku watu wakimwimbia uani mpaka atoke langoni, lakini Aslak alishushwa kwa ngazi ya nyuma ya duka, maana ya mbele ilikuwa na wateja, hapakuwa na ua, na hakuna aliyeimba. Marehemu alisimama pale chini penye magunia ya unga akaapa kwamba mtu mmoja wa ukoo huu atatolewa tena kwa mlango wa Kvamli akiimbiwa, hata kama mtu huyo ni yeye, na ingawa alijua kuwa mlango wenyewe ulishakuwa majivu, hakukifuta kiapo.

Alihitimu mwaka 1963, na tarehe 1 Septemba mwaka huo akaanza kazi ya udaktari wa mifugo wa bonde, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo hapa, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2005. Tarehe 27 Juni 1964 alifunga ndoa katika kanisa la Nordbø na Halvor, fundi seremala, ambaye tunaye hapa mbele, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Ingebjørg aliyezaliwa mwaka 1966, na Tarjei anayesoma, aliyezaliwa mwaka 1969.

Katika kiangazi cha mwaka 1966, akiwa na ujauzito wa Ingebjørg, alipanda Kvamli peke yake, akapiga magoti na kuyasugua mawe ya msingi kwa brashi ya kusugulia kwato. Hakuona jiwe lililopasuka kwa moto hata moja, na majivu yalikuwa kona moja tu, machache, ya magome na mabaki ya paa. Akarudi nyumbani akamwambia Halvor, "Haikuungua. Imebebwa." Halvor alimjibu kwamba bonde zima linabebana nyumba tangu enzi na enzi, gogo kwa gogo, ataitafuta wapi, naye akasema atatafuta penye kuta.

Kuanzia hapo hakuna banda aliloingia bila kwanza kuangalia jinsi mashina na ncha zilivyolala. Wafugaji walimzoea wakamfanyia mzaha, "Daktari, ng'ombe yuko huku, ukuta hauumwi," naye aliwajibu kuwa ng'ombe anaweza kungoja na yeye amengoja zaidi. Aliangalia mabanda ya bonde hili na ya mabonde ya jirani, likizo zetu zote tulizipitisha tukichungulia mazizi ya watu wakati watoto wengine wako baharini, na alipoulizwa anatafuta nini alijibu, "Naangalia tu," kwa sababu kiburi cha Aslak alikirithi chote bila kupunguza.

Shamba moja tu hakuwahi kulikanyaga, la Haugset, ng'ambo ya ziwa, linaloonekana wazi kabisa kutoka kwenye msingi wa Kvamli, kwa kuwa mwenye shamba, marehemu Gunleik, aliamini anajua kutibu wanyama kuliko daktari yeyote. Lakini tarehe 9 Oktoba 1979, saa nne asubuhi, ng'ombe wake bora alikwama kuzaa, Gunleik akameza ukaidi wake akapiga simu. Marehemu aliingia mbio, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hakuangalia ukuta, alivua koti akazamisha mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani, shavu likaegemea ubavu wa mnyama, macho yakaelekea mlangoni. Na pale, mbele ya macho yake, palikuwa na mashina matatu kwenye kona moja, na juu ya mlango kabari ndefu iliyochongwa kwa shoka.

Hakumwachia ndama. Alimvuta mpaka akatoka mzima, akamsafisha pua, akanawa mikono, ndipo akaenda kuweka kiganja kwenye kabari akalia, na Gunleik, aliyedhani analilia ndama, alimwambia, "Mbona yuko hai?" Alipoelezwa alishika kofia mkononi. "Torbjørg, baba yangu aliyanunua magogo haya kwa aliyelichukua shamba lenu, wakayavusha juu ya barafu kwa farasi, Februari ya mwaka thelathini na tano. Upande wetu wote wa ziwa unajua. Tulidhani na wewe unajua, ndiyo maana huji na wala huulizi. Tukasema tusikutie aibu." Marehemu alimwambia, "Ninyi na adabu yenu," na Gunleik akamjibu, "Na wewe na yako," ndipo wote wawili wakacheka.

Hata hivyo Gunleik hakuwa mtu wa kutoa kitu kwa machozi. Aliuliza ng'ombe wake walale wapi, kwenye koti la daktari? Sharti lake lilikuwa banda jipya kwanza, kwa hiyo kuanzia mwaka 1981 hadi 1984, kila kiangazi, familia yetu ilimjengea Gunleik banda, naye akikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akituonyesha makosa. Jamaa walionunua Kvamli walitukatia kiwanja chenye msingi wa zamani, na mwezi Februari 1985 nyumba ilivushwa tena barafu, safari hii kwa trekta na sleji, Gunleik mwenyewe akitangulia kwa miguu na fimbo kupima barafu.

Ilipofika kwenye kuusimamisha ukuta, ndoa hii nusura iingie ufa. Halvor alikuwa fundi mwenye jina, na alitaka kuligeuza gogo moja tu, la kati, ukuta unyooke. "Unataka nijenge upogo kwa makusudi? Watu watasema Halvor hajui kazi." Marehemu akamwambia, "Waliotuhamishia nyumba hii walifuata alama za shoka za kila gogo, wakaurudisha upogo ulivyokuwa, ndiyo maana niliijua. Ukiunyoosha, utakuwa umemjengea mtu mwingine." Halvor alinuna wiki nzima, kisha akaujenga upogo, vizuri sana, na paa likakamilika tarehe 24 Agosti 1986, na tangu siku hiyo kila mgeni aliyevuka mlango huu aliambiwa na Halvor kabla hata ya kupewa kahawa, "Si mimi."

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2019, na mwezi Januari mwaka huu alilazwa hospitali ya Skien. Madaktari walimweleza kwa upole kwamba safari ndefu ya gari inaweza kummaliza, naye akawauliza ni upande gani wa safari wenye hatari zaidi, kisha akamwagiza Ingebjørg, "Nikifia njiani, msigeuze gari." Hakufia njiani. Alifika tarehe 31 Januari, akalazwa hapa alipo sasa, uso kwenye Ukuta wa Bia, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Februari 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Halvor.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Skien waliomruhusu kuwa mkaidi, wauguzi wa wilaya waliopanda mlima kila siku katika theluji, madaktari wa mifugo wenzake, na majirani wote, hasa watoto wa marehemu Gunleik wa Haugset, waliovuka ziwa jana na uji wa malai na matawi ya msonobari yaliyotandikwa mlangoni, na wakatuambia kwamba safari hii wameamua kusema wazi, kwamba wao pia walikuwa wakiionea fahari nyumba hii.

Sasa tutasimama. Walioko uani wako tayari kuimba, na Halvor ameomba aongoze sauti, kwa kuwa anasema hili analijua. Tangu mwaka 1934 hakuna wa ukoo huu aliyeimbiwa akitolewa hapa, si Bibi Gunhild, si Margit, si Aslak, na leo mlango unafunguliwa. Wabebaji, mkifika kizingitini, msishangae wala msitafute njia nyingine, shusheni kidogo upande wa kushoto.

Pumzika kwa amani, Torbjørg, umeondokea kwako.