Sauti ya Benadetha Kokubanza

Ndugu waombolezaji, dada yetu Benadetha Kokubanza alizaliwa Izimbya tarehe 9 Mei 1917, mtoto wa kwanza wa mzee Lwakatare, akasoma kwa masista hadi darasa la nne, akabaki hapo akiwafundisha watoto nyimbo na katekisimu, hata tarehe 12 Januari 1936 alipofunga ndoa na ndugu Mwijage wa Muleba, wakajaliwa watoto watatu, wa mwisho akiwa Klaudia.

Mwaka 1948 sauti yake ilianza kukwaruza, ikafifia ikawa mnong'ono, na akipanda kilima na kikapu cha kahawa pumzi ililia kama filimbi, nasi wa familia, bila kumpeleka kwa daktari, tukasema ni kifua kikuu, akatengewa sahani yake na kibanda nyuma ya migomba, na Klaudia, ambaye alikuwa hajatimiza hata mwaka, akaondolewa kifuani mwake.

Alikaa humo miaka mitatu, mpaka Agosti 1951 mdogo wake Kagaruki alipomchukua kwa nguvu hadi hospitali Bukoba. Daktari aliingiza kioo kidogo kooni, akaona chini ya nyuzi za sauti uvimbe mweupe, mgumu, ukubwa wa punje ya kahawa, na mapafu yake aliyakuta mazima. Kipande kilikatwa, kikavushwa ziwa kwenda kupimwa Uganda, na baada ya wiki saba jibu likaja kwamba si saratani, ni uvimbe wa gegedo, yaani mfupa laini kama wa sikio, ambao daktari alikiri hajawahi kukutana nao, hausambai mwilini, ila huziba njia ya hewa.

"Nitautoa," alisema, "lakini sauti siiahidi."

"Mwanangu nitamwitaje?" Benadetha alinong'ona, kisha akainua kidevu. "Haya, toa."

Tarehe 3 Novemba 1951 walimtoboa shingo apate kupumua, wakafungua koo, wakautoa. Alirudi na sauti nzito kama ya mwanamume, akamwita Klaudia, mtoto akakimbilia kwa shangazi yake Immakulata aliyekuwa akimlea, na ilimchukua miaka miwili kukubali kumkalia mama yake magotini.

Mwaka jana uvimbe ulirudi, na kwa kuwa sauti ilikuwa nzito tayari hatukutambua, naye hakusema, mpaka siku za mwisho alipomweleza Kagaruki sababu, "Naogopa kibanda." Alifariki tarehe 21 Februari 1959, akiwa kwenye machela njiani kwenda Bukoba, mkono wake mkononi mwa Klaudia.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, majirani waliobeba machela kwa zamu, na masista wa Izimbya. Kwako, dada, hatuna shukrani za kutosha, tuna ombi la msamaha tu. Mungu akupokee, upumzike kwa amani tuliyokunyima.