Utumbo wa Limbu Unangoja Amri

Kijiwe chetu cha mtaa wa Cheyo kina benchi moja, birika moja la kahawa na wataalamu wa kila jambo. Jumamosi ile kesi ilikuwa utumbo wa mwenzetu Limbu. Ulijisokota, madaktari wakakata zaidi ya nusu, akarudi nyumbani na ruhusa ya kula vyakula laini kidogo kidogo. Sisi tukamshauri aupumzishe, kama shamba linavyopumzishwa baada ya tumbaku. Akatusikiliza sisi, akawa mtu wa uji mwepesi na kahawa, mpaka suruali ikaanza kumtoroka. Jana yake daktari akamgombeza: chakula kikipita, utumbo unatoa homoni, na homoni hizo ndizo zinazouamuru utumbo uliobaki ukue ufanye kazi ya ule uliokatwa. Asipokula, hakuna amri.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa Mzee Ngollo, mstaafu wa reli tunayemwita Stesheni.

STESHENI: Mbona jambo dogo. Reli isiyopita treni inaota majani. Chakula ndiyo treni, homoni ndiyo kengele. Ikilia, mafundi wanatoka.

Emilian, muuza mitumba aliyeishia kidato cha pili, kwetu ni Profesa.

PROFESA: Utumbo wa mtu mzima haukui, Mzee. Ungekua, mimi ningekuwa na kitambi.

STESHENI: Unacho.

LIMBU: Daktari kasema unakua. Ngozi ya ndani inanenepa, inapanuka.

PROFESA: Na ukipitiliza je? Ale wali leo, kesho utumbo ufike Isikizya, nje kabisa ya mji?

STESHENI: Wapagazi wa zamani walitoka hapa na mizigo hadi pwani. Unadhani walikuwa na utumbo kama wako? Wa kwao ulirefuka sawa na njia.

Nami nikachangia kwamba kashata ina homoni nyingi kuliko nyama, maana sijawahi kuishia moja. Tukacheka sote isipokuwa Limbu.

LIMBU: Naogopa. Nikimeza tu, nahisi mshono utaachia.

Hapo akatokea dada yake mkubwa, Recheli, kutoka Itetemia, na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyopikwa kwa karanga za kutwanga ikalainika kabisa. Hakuwahi kusimama kijiweni kwetu. Tukampa shikamoo, naye akampa yake Mzee Ngollo. Akatusikiliza kidogo tukibishana.

RECHELI: Jamani, kuna aliyemuuliza kama ana njaa?

Asubuhi nzima tuliusemea utumbo wa mtu, na hakuna aliyejua kama mwenyewe ana njaa.

Limbu akaweka kiganja tumboni. Tumbo likanguruma, benchi zima tukalisikia.

LIMBU: Ninayo, dada. Tangu nikatwe sijaisikia. Leo ninayo.

Akachukua kijiko, akatafuna taratibu, akameza. Tukangoja. Hakuna kilichoachia. Nilifurahi, na sioni haya kusema.

Mzee Ngollo akasimama, akanyoosha mkono kama alivyokuwa akiruhusu treni ya Kigoma.

— Njia nyeupe, akasema. Pita.

Limbu akachota kijiko cha pili.