Picha Ambamo Mama Alicheka

"Futa hiyo picha, dada, shingo yangu imekuwa kama ya kobe," mdogo wake alisema akichungulia simu. "Lakini hapo mama anacheka. Tangu baba atutoke, umeshamwona akicheka hivi?" "Kwa hiyo atundikwe sebuleni na kobe?" Dada akafuta. Fundi cherehani aliyeketi nyuma yao kwenye treni alisikitika kimoyomoyo, kisha akajipapasa shingo.

Katika picha iliyofuata, tumbo la dada lilikuwa limetangulia, nayo ikafutwa. Ikabaki moja tu, ndugu wote wawili wanang'aa kama sahani mpya. "Mbona mama amefumba macho?" "Anaomba." "Anaomba na kisu cha keki mkononi?"

Treni ikasimama. "Kesho tutampiga picha nyingine," dada alisema akiinuka. "Na asipocheka?" "Tutamwambia acheke. Wewe shughulikia shingo."