Mbwa Aliyesemekana Amezikwa

KABURA: Haloo? Nani huyo?

GIKUNDA: Habari, mama. Ni Kabura wa Giakanja, dadake Mwai?

KABURA: Ni mimi. Wewe ni nani?

GIKUNDA: Gikunda, daktari wa mifugo huku Othaya.

KABURA: Karibu. Lakini ng'ombe yangu haina shida—

GIKUNDA: Si ng'ombe. Mwai alikuletea mbwa?

KABURA: Eeh, Popi. Alimletea msichana wangu, Wendy. Zawadi. Ati mtoto wa pekee hukosa wa kucheza na yeye.

(Mtandao unakwaruza.)

KABURA: Daktari? Uko?

GIKUNDA: Niko. Mwai aliniambia Popi alikufa, akamzika.

KABURA: Alikufa aje na ako hapa?

GIKUNDA: Aliumwa na mbwa wa kuzurura. Huyo tulimpima, akapatikana na kichaa cha mbwa. Nikamwambia Mwai, Popi lazima auawe kabla hajaambukiza mtu. Leo ndio bibi yake ameniambia ukweli, akilia: Mwai hakumuua, alimleta kwako.

KABURA: Ngoja. Mwai... alijua?

GIKUNDA: Majibu nilimsomea mwenyewe. Mama, Popi ameuma mtu?

KABURA: Wendy. Jana, kwa mkono. Nilidhani ni mchezo, nikampaka mafuta—

GIKUNDA: Sikiza. Osha kidonda na sabuni na maji ya mfereji, robo saa nzima. Halafu hospitali, leo leo, adungwe chanjo. Bado tuko na nafasi. Dalili zikianza, hakuna dawa.

KABURA: Ngai! Popi amejificha nyuma ya stoo. Tangu asubuhi amekataa kula.

GIKUNDA: Msimkaribie. Nakuja mwenyewe.

KABURA: Daktari... Mwai ako hapa.

GIKUNDA: Hapo kwako?

KABURA: Anakunywa chai. Ameingia tu, akauliza kama Popi anakula. Akauliza tena. Mkono ya Wendy ameiona imefungwa kitambaa. Akaongeza sukari kwa chai.

GIKUNDA: Amekuja na nini?

KABURA: Pikipiki. Mtoto wangu hapandi hiyo! Heri nimbebe mgongoni mpaka—

GIKUNDA: Mama, hasira baadaye. Hiyo pikipiki ndio iko karibu. Sabuni, halafu mpande.

KABURA: Wendy! Kuja hapa kwa mfereji, mami. Mbio!

GIKUNDA: Haloo? Salio yangu inaisha—

KABURA: Nitapanda, daktari. Nitamshika Mwai kiuno, sababu ya mtoto. Lakini tukishuka hapo hospitali, mwambie bibi yake mimi sina ndugu te—

(Simu imekatika.)