Bibi Harusi wa Petro

Usinibetulie mdomo kabla sijaanza. Nyinyi mnaoolewa Jumamosi na Jumatatu mko kazini, mtayajuaje ya miaka ile ya kuhamia vijijini? Niliyasikia kwa masikio yangu, maana wazee benchi lao la kahawa waliliegemeza kwenye ukuta wa nyumba yetu, na ukuta wenyewe ulikuwa fito tupu, haujakandikwa udongo. Kijiji kilikuwa kipya, bondeni, upande huu wa Mikumi. Mimi nilishushwa kutoka Vidunda kuolewa na Petro. Kwa kina Petro, bibi harusi hashiki jembe mpaka shangazi wa mume amkabidhi. Shangazi akaenda Kidodi kuuguza bintiye, mvua zikanyesha, mahindi yakafika magotini, mimi bado nimo ndani nanenepa.

Asubuhi hiyo kipande cha reli kiligongwa, watu waende palizi ya shamba la kijiji. Petro akaenda. Benchi halikwenda. Alikuwapo Balozi Lazaro, mkubwa wa nyumba kumi. Gabrieli, tuliyemwita Reli kwa kuwa aliwahi kufanya kazi stesheni ya Kilosa. Na Azimio, asiyeweza kumaliza kikombe bila kuhutubia.

— Balozi, huyo bibi harusi wa Petro haji palizini? akaanza Reli.

— Bibi harusi haitwi palizini. Hajapewa jembe.

— Miezi mitatu sasa!

— Hata mwaka. Harusi haina saa.

— Ina saa! Kule Kilosa, bibi harusi akishapanda treni kwenda kusalimia kwao, basi, harusi imekwisha.

— Kwao huyu ni Vidunda, mlimani. Apande treni gani?

— Basi atabaki bibi harusi mpaka reli ipande mlima.

Azimio akakohoa.

— Ndugu wananchi…

— Tuko watatu, Azimio.

— Ndugu wananchi watatu! Shamba letu sote, kisima chetu sote, na maharusi wetu sote. Uharusi hauishi mpaka mkutano wa kijiji upige kura.

— Mke wangu hajapigiwa kura, akasema Reli. Kumbe naye bado bibi harusi?

— Yule mwenye wajukuu? akauliza Balozi.

— Ndiyo maana anakataa kuteka maji!

Wakacheka mpaka fito zikatikisika. Mimi nilikulia kwenye miteremko ambako hao watatu wangetambaa kwa magoti, nami nalima wima. Na magugu yalikuwa yanayasonga mahindi.

Pembeni alichuchumaa Sankale, mfugaji aliyekuja kumtafuta ndama wake. Akaweka kikombe chini.

— Wazee, huyo mnayemsema anaitwa nani?

— Bibi harusi, akasema Balozi.

— Hilo nimesikia. Jina lake?

— Mke wa Petro, akasema Reli.

— Petro namjua. Yeye je?

Balozi akachungulia kikombe kama jina limezama humo. Miezi mitatu wameuegemea ukuta wangu!

Nikachukua jembe la akiba la Petro nyuma ya mlango. Sikukabidhiwa na mtu. Nikatoka.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, bibi har…

— Odilia. Shangazi akirudi, mwambieni Odilia yuko palizini. Na nyinyi kahawa imekwisha, kipande cha reli kiligongwa zamani.

Nikaufunga mlango nyuma yangu, nikashika njia ya shamba.