Mashine Saba za Waridi

Kule Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, ubavuni mwa gereji ya Tajudini, kuna benchi ambalo zamani lilikuwa kiti cha nyuma cha basi. Limekalishwa juu ya rimu nne, na mbele yake Mwantum huteleka birika lake la kahawa ya tangawizi kila siku baada ya sala ya adhuhuri. Pale hakai mtu asiye na jina la pili. Huseni, mshonaji wa duka la jirani, anaitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Bonfils, mwalimu aliyehama kutoka Uvira, Kongo, na sasa anauza vitenge, anaitwa Prefe, yaani mkuu wa shule, na methali kwake ni kama chumvi mkononi mwa mpishi mlevi. Tajudini mwenyewe, fundi wa injini kwa miaka thelathini, wanamwita Pistoni: hasemi sana, lakini akianza kusukuma hasimami. Jumanne hiyo ya Aprili jua lilikuwa linachoma benchini, huku mawingu juu ya milima yakiwa meusi tii. Pistoni alikuwa amevaa shati la Idi, na mfukoni mwake mlikuwa na barua.

— Bon, toa basi, alisema Redio. Tangu umekaa unajipapasa kifua kama mutu mwenye moyo mubovu.

Pistoni aliitoa kwa vidole viwili ili asiitie oili, akampa Prefe, msomi wao. Prefe alikohoa mara mbili.

— Banaandika hivi. Mademoiselle Waridi, binti ya Tajudini, uvumbuzi wake umeandikishwa kwa jina lake. Uvumbuzi wa... simulasyo ya mwendo wa maji, pamoja na faili zenye kugawanywa.

— Kwa Kiswahili sasa?

— Icho njo Kiswahili yake!

Mwantum aliacha kumimina.

— Waridi wetu? Huyu wa kutengeneza maordinateri?

— Huyo huyo, alisema Pistoni, na sauti yake ikapanda bila ruhusa yake. Mutoto wangu.

Hakuna asiyezijua zile ordinateri, kompyuta kuukuu. Zilikuwa zimetupwa nyuma ya depo moja ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, na Waridi akazileta kwa mkokoteni, akazifufua saba, akaomba maduka saba ya mtaa yamwekee kila moja. Moja ilikuwa chini ya meza ya Redio, nyingine kwenye famasi iliyo karibu na msikiti, upande wa juu. Ila zilifanya kazi gani, hakuna aliyekuwa na hakika.

— Mi nayo naishi, alisema Redio. Ikianza kuvuma nasikia maji ndani. Wallahi! Ule mutoto ameingiza muto Ntahangwa mule.

— Apana, alisema Prefe. Moja haiwezi kubeba muto muzima. Ameukata vipande saba. Ndiyo maana wazee balisema, samaki mukunje angali mubichi.

— Samaki ameingiaje?

— Samaki haishi mu muto?

— Basi tukifika huko, alisema Redio, kesho ataweka ziwa Tanganyika nzima kwenye fleshi, mutu atie mufukoni, apande ndege. Tutaamka ufukweni Kajaga tukute muchanga mutupu.

— Na nusu ya Kongo? Watatuomba ruhusa kwanza! Prefe alisimama kabisa. Itabidi batu wa Uvira babakiziwe nusu yao, kwa fleshi nyingine!

Pistoni aliwaacha wafike mwisho wa ziwa. Kisha akaweka kikombe chini.

— Mi nilimuuliza wiki nzima, alisema. Sikilizeni. Anakata mtaa vyumba vidogo vidogo, kama ubao wa dama. Kila chumba kinajiuliza: maji gani yameingia kwangu, gani yametoka, mteremko unaelekea wapi? Kisha kinamwambia jirani. Chumba kimoja si kazi, lakini viko maelfu na maelfu. Mashine moja inachemka. Kwa hiyo kila mashine inabeba avenyu zake.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema Prefe, na mara hii hakuna aliyembishia.

— Sasa faili. Kila faili anaikata, kila kipande kinakaa kwenye mashine tatu. Iyo wengine walishaifanya zamani. Yeye aliongeza nini? Pistoni alitabasamu kama mtu anayekaribia kuwasha injini iliyoshindikana kwa wengine. Hesabu ya maji ndiyo inaamua vipande vikae wapi. Nakala tatu hazikai kamwe kwenye njia moja ya maji. Maji yenyewe yanaonyesha mahali pa kuyakimbia.

Mwantum akasema taratibu:

— Yoo. Amewaza hivyo peke yake?

Kabla Pistoni hajajibu, Waridi alitokea akikimbia, simu mkononi, viatu mkononi.

— Shikamooni. Baba, inueni vitu. Milimani inanyesha tangu saa sita. Maji yatafika hapa baada ya dakika thelathini na tano.

Redio alicheka.

— Binti yangu, mi nimezaliwa hapa. Maji yanatoka mutoni, na muto uko kule.

— Hayatatoka mtoni, Ami Huseni. Mtaro wa avenyu ya kumi umeziba kwenye karavati. Yatarudi nyuma, yatapita dukani kwako, yaingie gereji.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Prefe, akiangalia jua.

Wote wakamgeukia Pistoni. Chini ya paa lake mlikuwa na injini mbili za wateja zilizofunguliwa, kila nati mahali pake juu ya turubai, kazi ya siku tatu. Kuziinua kwa mnyororo kulimaanisha kuvuruga kila kitu na kuanza upya. Na juu yao mbingu ilikuwa ya buluu. Alimtazama binti yake, kifua kinapanda na kushuka, nywele zimetoka kwenye kitambaa. Moyoni alijua jambo moja: akibaki amekaa, ile barua ni karatasi tu, na majivuno yake yote ya mchana huu ni kelele za kijiweni.

— Leteni mnyororo, alisema.

Waliinua. Prefe alibeba nati kwenye kofia yake. Mwantum alimwaga makaa, akapandisha birika juu ya ukuta, kisha akaingia dukani kwa Redio bila kubisha na kuanza kumtupia vitambaa mikononi, hadi naye akakubali kupanda na cherehani yake juu ya meza, akilalamika njia nzima.

Dakika ya thelathini na mbili, matone ya kwanza yalikuwa hayajadondoka bado, walisikia sauti kama lori linalorudi nyuma. Maji ya rangi ya matofali yalitokea upande wa avenyu ya kumi, upande ambao hakuna aliyewahi kuuangalia. Yakavuka barabara, yakapita dukani kwa Redio, yakaingia gereji, yakafika magotini. Benchi lilielea na rimu zake zikabaki. Injini mbili zilining'inia juu, kavu.

— Ordinateri! alipiga kelele Redio. Waridi, mi nimeisahau! Iko chini ya meza!

Aliingia majini, akaivuta. Ilitoa maji kama ndoo yenye matundu. Redio, mtu asiyezimika, alisimama nayo mikononi, akasema kwa sauti ya chini:

— Kazi yako yote, mwanangu. Nimekuulia kazi yako.

— Ami, iweke tu chini. Waridi alimwonyesha simu. Nakala zake nyingine ziko famasi na kule juu kwa muuza saruji. Famasi imeshachukua zamu yake. Angalia, bado inahesabu: maji yataanza kushuka baada ya robo saa.

Walisimama wanne wamezunguka kile kioo kidogo, maji magotini, mvua sasa inawapiga, wakitazama vyumba vya buluu vikibadilika kimoja baada ya kingine. Baada ya robo saa maji yalianza kushuka. Redio alilia waziwazi, kisha akapiga kelele mtaa wote umsikie:

— Mutoto wa Buyenzi! Mumesikia? Wa hapa hapa!

Na watu waliokuwa juu ya kuta na mapaa wakaanza kupiga makofi. Pistoni hakupiga. Alikuwa ameshika bega la binti yake kwa mikono yote miwili.

Kesho yake alasiri, benchi likiwa bado linanuka matope, alikuja mgeni mwenye buti ndefu. Alijitambulisha kuwa anaitwa Maxime, injinia aliyetumwa na ofisi iliyoandika ile barua kuiona kazi ya Waridi. Walimbana katikati ya benchi wakamsimulia wote kwa pamoja, na kufikia kikombe cha pili maji yalikuwa yamefika viunoni na Prefe alikuwa ameokoa injini nne.

Maxime alisikiliza kwa adabu. Kisha akafungua karatasi za vipimo vya Waridi, nambari tupu, ukurasa baada ya ukurasa: upana wa kila mtaro, kina chake, urefu wake, avenyu kwa avenyu.

— Hesabu ni nzuri sana, alisema. Lakini hesabu inakula vipimo, na hivi ni zaidi ya mia tatu. Mita ya mkanda inataka watu wawili. Nani alikuwa anashika upande wa pili?

Redio alianza kukwangua matope benchini. Prefe alivua kofia, akaipangusa. Mwantum aliinamia makaa.

Pistoni alikumbuka. Mwaka jana, kiangazi, alipita na mteja mkubwa akamwona Waridi ameinama mtaroni, matope hadi kwenye viwiko. Mteja aliuliza huyo mwendawazimu ni nani, naye akasema hamjui. Jioni yake Redio alimwita binti huyo Mama Mitaro, na benchi zima likacheka, yeye pia.

Waridi, aliyekuwa amesimama nyuma ya mgeni, alisema kwa upole:

— Ncha hiyo nilikuwa naibana kwa tofali.

Pistoni aliinuka, akavua viatu, akakunja suruali.

— Bado avenyu zipi?

— Kuanzia ya kumi na tano, Baba. Lakini si lazima leo.

— Lete iyo mita.

Alishuka mtaroni mwa avenyu ya kumi na tano, akashika ncha ya mkanda, akaikaza kwenye ukingo kwa kidole gumba. Juu yake mteja mmoja alisimamisha pikipiki, akamshangaa.

— Fundi Tajudini! Unafanya nini humo?

— Mi ndiye baba yake Waridi, alijibu Pistoni kwa sauti ya kufika msikitini. Soma, mwanangu. Huku nimeshika.