Mama Hoja na Shule ya Stoo ya Viti

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, na ninyi wanafunzi wake mliojaza viti mpaka nje, mimi ni mtoto wa pili wa marehemu, fundi umeme kwa kazi, na familia imenituma niwasomee safari ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Hoja. Mwenyewe aliniachia masharti mawili angali na sauti yake, akasema, "Usithubutu kusema nilikuwa mpole, watu watashindwa kujizuia kucheka, halafu usome taratibu, maana ukiwa na hofu unameza vituo." Upole sitautaja, na vituo nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha uchapaji, akiwa wa nne kati ya watoto sita. Mama yake alishona mashuka ya hospitali, na baba yake alikuwa mpanga herufi, yaani mtu wa kuokota vijiherufi vya madini ya risasi kimoja kimoja na kuvipanga kinyumenyume kwenye trei, ili vikishachapwa visomeke sawasawa. Binti yake alikuwa akikaa miguuni pake siku nzima, na hapo ndipo alipojifunza kusoma kabla hajaenda shule, kwa hiyo siku ya kwanza darasani, Januari 1954, aliposimamishwa mbele ya ubao alisoma mstari mzima kutoka kulia kwenda kushoto, bila kukosea, na mwalimu akamrudisha nyumbani kwa barua iliyosema mtoto apelekwe kwa daktari wa macho. Babu aliicheka barua ile wiki nzima.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1961, akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1962, na huko akakutana na mchungaji mmoja mstaafu aliyejitolea kufundisha Kilatini na mantiki kila Jumamosi, kwenye baraza ya maktaba, kwa yeyote aliyetaka. Walianza wasichana ishirini na watatu, wakamaliza wawili, marehemu na mwenzake ambaye hakuficha kwamba alifuata biskuti za mke wa mchungaji. Mzee yule alikuwa na kanuni moja, kwamba kitu kizuri kwanza ukiweke kichwani, kisha ukiulize maswali, kisha ujifunze kukisema kwa namna ambayo mwenzako atapenda kukisikia, na marehemu alikuwa akisema kwamba kwa mzee huyo ndipo alipojua kuwa Mungu haogopi maswali. Alisomea ualimu mwaka 1966 na 1967, akafaulu vizuri, akaanza kazi Januari 1968 katika shule kubwa ya msingi iliyokuwa na watoto wengi kuliko madirisha.

Ndoa yake ilitokana na saa ya mkono ya babu. Aliipeleka kwa fundi saa mmoja kijana, mtu wa maneno machache, mwenye kioo kidogo jichoni tangu asubuhi hadi jioni, na kila wiki akienda kuichukua aliambiwa bado. Wiki ya tano alisimama mbele ya meza ya fundi akamwambia, "Saa hii ama huwezi kuitengeneza, ama hutaki. Za wenzangu umezitengeneza kwa siku mbili, kwa hiyo unaweza. Basi hutaki." Fundi akavua kioo chake, akamtazama, akasema, "Umepatia. Nikikupa saa, hutarudi." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1971, na Mungu akawajalia watoto watatu, dada yetu mkubwa ambaye ni mkunga, mimi, na kitinda mimba wetu ambaye leo ndiye anayefundisha katika chumba alichokiacha mama.

Mwaka 1986, marehemu akiwa ameshafundisha miaka kumi na minane, alikuwa na darasa la watoto themanini na saba, na kila alichosema waliitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu." Alianza kutilia shaka ile ndiyo. Asubuhi moja ya mwezi Agosti akaandika ubaoni kwamba samaki ni ndege, akageuka na kuwauliza, "Tumeelewana?" Wote wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu," wakainamisha vichwa wakaandika kwenye madaftari, wengine wakapigia mstari kwa rula. Alirudi nyumbani akaketi kitini na viatu miguuni, na baba alipomuuliza kulikoni, akasema, "Leo watoto themanini na saba wameandika kwamba samaki ni ndege." Baba akajibu bila kuinua kichwa, "Si wewe uliyewaambia?" Mama akavua viatu, kisha akasema neno ambalo dada yetu mkubwa, aliyekuwa pale, hajalisahau, "Kama ndiyo yao ni hiyo, basi na Amina wanayoisema kanisani ni hiyo hiyo."

Tangu siku hiyo hakutulia. Aliomba kanisa limpe chumba chochote, akapewa stoo ya viti, na tarehe 2 Februari 1988 akafungua shule yake humo na watoto tisa, watatu kati yao tukiwa sisi aliotuzaa mwenyewe, ambao hatukuulizwa. Kilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, viti vya plastiki vimepandana mpaka darini, harufu ya mishumaa, na kila Ijumaa tulikusanya madaftari yetu kupisha wanakwaya. Siku ilianza kwa sala na zaburi, kisha wadogo waliimba kanuni za sarufi, majedwali ya hesabu na vitenzi vya Kilatini, *amo, amas, amat*, huku wakipiga makofi, mpaka jirani yetu mshona nguo, mama mmoja mpole kweli kweli, akaja mlangoni amejaa wasiwasi kuuliza ni nani anayefukuzwa nyumba, maana wiki nzima anawasikia watoto wanamwambia mtu hama, hama. Marehemu alimweleza kwamba neno hilo maana yake ni kupenda, naye mshona nguo akasema lugha inayofanya kupenda na kuhama visikike sawa ina mambo, na mwezi uliofuata akamleta binti yake.

Watoto wakifika miaka kumi na moja au kumi na miwili walifundishwa kubishana. Wazazi walishangaa, kwa kuwa nyumbani walikuwa wakitafuta dawa ya ubishi huo huo, lakini marehemu aliwaambia, "Ubishi wanao tayari, Mungu amewapa bila kuombwa, sisi tunautia adabu." Sheria ilikuwa moja na haikuwa na msamaha, hakuna ruhusa ya kumpinga mwenzako mpaka urudie alichosema vizuri kiasi kwamba mwenyewe akiri, "Ndivyo nilivyosema." Mimi mwenyewe niliwahi kukaa siku mbili bila ruhusa ya kumpinga dada yangu, kwa sababu kila nikirudia maneno yake nilikuwa nayapindisha kidogo. Wakubwa zaidi walisimama mbele ya wenzao kueleza jambo wanaloliamini, wamenyooka, bila karatasi, na marehemu alikaa nyuma kabisa akiwa na penseli, akisema kama ukweli haufiki kiti cha mwisho, msemaji amewaibia waliokaa huko.

Haikuwa mteremko. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, baba wa mmoja wa wanafunzi, mzee wa kanisa na mtu wa heshima zake, siku moja alimgombeza mwanawe mezani, na mtoto akamjibu kwa adabu zote, "Baba, hiyo siyo sababu, hiyo ni sauti kubwa." Mzee alifika stooni asubuhi iliyofuata kabla ya sala. Marehemu alimwadhibu mtoto kwa kukosa kiasi, akamwambia kwamba hoja sahihi isiyo na upendo ni kama kisu mkononi mwa mtoto mchanga, lakini mzee hakuridhika, na hoja yake ikakua mpaka ikaitishwa mikutano, na Jumamosi tarehe 20 Aprili 1996 wazazi na wazee wa kanisa, watu sitini na mmoja kwa jumla, wakakusanyika ukumbini kuamua kama shule ifungwe na chumba kigeuzwe darasa la kompyuta.

Mzee wa duka alizungumza kwanza, akauliza, "Nionyesheni duka linalouza Kilatini," na ukumbi ukaangua kicheko na makofi. Marehemu alikuwa ameketi mstari wa pili, mikono mapajani, karibu na dada yetu. Ndipo binti wa mshona nguo, miaka kumi na mitatu, akaomba ruhusa kwa mwenyekiti, akapewa dakika tano. Hakuanza kuitetea shule. Alisema, "Kwanza naomba nirudie hoja ya mzee, nisimwonee," kisha akaieleza, kwamba dunia inabadilika haraka, kwamba wazazi wanajinyima, kwamba mtoto anayetoka shule bila kazi mikononi ni mzigo kwake na kwa wenzake, na kwamba upendo wa mzazi una haki ya kuogopa. Akamgeukia mzee akamuuliza kama ndivyo alivyosema. Mzee akasema, "Umenisemea vizuri kuliko nilivyojisemea," na waliokuwa upande wake wakapiga makofi.

"Basi naomba nijibu," akasema binti. "Kilatini hakiuzwi dukani, mzee, ni kweli. Lakini mama yangu hununua misumari kwako, anapita maduka mawili mengine, kwa sababu mizani yako haidanganyi. Ukweli huo huuzi, na hauna bei, ila bila huo hakuna ambaye angekuja kununua misumari. Kule stooni ndicho tunachojifunza, kuujua ukweli, kuupima, na kuusema bila kumwumiza mtu." Watu wakadhani amemaliza, kumbe bado. "Ila kwa jambo moja mzee ana haki. Sisi darasa la juu tuko wanane, na hakuna hata mmoja anayejua kupigilia msumari ukaingia umenyooka."

Marehemu akasimama. Wengi walidhani atamsaidia mwanafunzi wake, lakini alisema, "Hapo mmenishika. Nimewafundisha watoto wa seremala wa Nazareti na nikaisahau nyundo." Akamwomba mzee wa duka, mbele ya wote, aje kuwafundisha kazi za mikono kila Jumatano. Kura zilipopigwa, thelathini na wanane walitaka shule ibaki, ishirini na watatu ifungwe, na mzee alikuwa miongoni mwa hao ishirini na watatu, akasema neno lake ni neno. Jumatano alifika na sanduku la nyundo, akafundisha kwa miaka kumi na minne.

Shule ilihamia jengo lake la vyumba vinne mwaka 2003, na hadi marehemu alipostaafu, Novemba 2012, walikuwa wamepita mikononi mwake watoto mia nne na kumi na wawili. Yule binti wengi walimtabiria uwakili, lakini aliichukua cherehani ya mama yake, na leo ni mwenyekiti wa mafundi wa soko lake, na kila ugomvi wa majirani huishia mlangoni kwake kabla ya kufika mahakamani. Mimi huulizwa fundi umeme anafanyia nini Kilatini, nami hujibu kwamba hakijawahi kunizuia kupigwa shoti, ila nikiingia nyumba yenye hitilafu silaumu waya wa kwanza ninaouona. Mapungufu yake pia tunayajua, alikuwa mkali kwa wazembe, na Mchungaji anajua ni mahubiri mangapi yalirudi kwake yamesahihishwa kwa penseli.

Baba yetu alitangulia mwaka 2015. Tarehe 3 Oktoba 2022, marehemu akiwa anamwagilia maua, alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea, na sauti ikaondoka. Mwanamke aliyeishi kwa maneno hakuweza kuomba maji, na wiki mbili za kwanza hospitalini zilituvunja, kwa sababu macho yake yalikuwa yanaelewa kila kitu. Alasiri moja mjukuu wake wa miaka saba, aliyeketi kitandani, alikuwa akirudia zaburi aliyopewa na shule, akakwama mstari wa tatu, na marehemu akamalizia mstari ule wote, wazi, na vituo vyake. Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alitueleza kwamba yaliyoshikwa moyoni tangu utotoni kwa mahadhi, mara nyingine hubaki salama wakati maneno ya kawaida yamepotea.

Tangu hapo tuliongea naye kwa zaburi. Akiwa na kiu alisema mstari wa maji, akitaka pazia lifunguliwe alisema wa nuru, na akisema ule wa adui walionizunguka pande zote tulijua wageni wamezidi, tukawaaga kwa heshima. Baadhi yenu mliagwa hivyo, leo mmejua sababu. Aliishi hivyo miezi kumi na sita, akicheka sana kwa upande mmoja wa mdomo, na Jumapili tarehe 11 Februari 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, marehemu akiwa na umri wa miaka sabini na sita, dada yetu alianza zaburi, naye akaifuata kwa midomo hadi katikati, kisha akanyamaza, nasi tukaimaliza. Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa mtaalamu wa kuongea aliyekuwa na subira kuliko sisi, majirani mliopika na kufua bila kuitwa, walimu wenzake wa shule zote mbili, mshona nguo na binti yake, na mzee wa duka, ambaye ametuma ujumbe kwamba tusimtaje sana. Kama kuna tuliyemsahau, atusamehe, hatukukusudia.

Mama, tumekuita Mama Hoja maisha yako yote, na hoja zako tutaendelea kuzijibu. Kazi yako imefika hadi kiti cha mwisho. Bwana aliyekupa sauti akupokee nayo, pumzika kwa amani.